Vidole Gumba Saba

Simu yangu ina tabia ya mgeni wa harusi asiyejua kukataa: inakula mpaka inashindwa kuinuka, na bado inaulizia sahani ya pili. Niliinunua ikiwa imeshatumika, kutoka kwa jamaa aliyekuwa akihama hapa mtaani Huruma, na akaniapia kwamba nafasi iliyomo itanitosha maisha yangu yote. Labda aliyapima maisha yangu kwa macho akaona ni madogo. Hakukosea sana. Mimi hufuma sweta za shule kwa mashine ya mkono, ndani ya chumba kimoja cha kukodisha. Mashine iko upande wa dirisha, kitanda upande wa ukuta, na katikati kuna hatua tatu ambazo ndizo safari yangu ya kila siku ya kwenda kazini. Majirani wananiita Soja. Ploti haina soja wa kulinda lango, ila mtu akitaka kujua nani ameingia na nani ametoka, anakuja kwa dirisha langu.

"Wewe hata mafuriko yakija utayaambia yapitie nyuma," dada yangu aliwahi kuniambia. Yeye ameolewa Moi's Bridge, ana mahindi, ana watoto, ana kila sababu ya kuchoka, lakini yeye ndiye anayenionea mimi huruma.

Mtu asiyetoka nje lazima dunia imjie ndani, na yangu ilinijia kwa simu. Wateja walinitumia picha za sweta: kola, mistari, mkono wa kulia, mkono wa kushoto kana kwamba ni tofauti. Kanisa lilituma kwaya ikiimba, video nzima, na mwimbaji wa mbele akisahau maneno walituma nyingine. Kamati za mazishi zilituma bango la marehemu, ratiba, halafu jeneza kutoka pande zote nne. Kila mazishi huwa na grupu lake, na hakuna mtu mwenye ujasiri wa kutoka kwa grupu la mazishi kabla udongo haujakauka. Kuna moja nilikaa ndani yake mpaka mjane akaolewa tena. Na juu ya hao wote kulikuwa na watu wa maua, akina mama wa kanisa ambao kabla hujatoa miguu kwa blanketi wameshakutumia waridi, kikombe cha chai kinachotoa mvuke, na aya.

Ndipo simu ikaanza kuniambia imejaa. Kwanza nilikuwa nikifuta kila Jumamosi baada ya chai, waridi moja moja, kama mtu anayepalilia. Halafu nikanunua memori kadi mjini, iliyoandikwa nambari kubwa ya kutisha. Ikameza sweta chache, ikafa. Mwishowe nikapeleka simu kwa fundi, kibandani, na yeye akanionyesha dawa: kuzuia picha zisiingie zenyewe.

"Sasa zitakuja zikiwa na ukungu," alisema. "Ukitaka kuona, unabonyeza hii kimshale. Hutaki, unaachana nayo. Simu inapumua."

Ikapumua kweli. Na mimi nikapumua pamoja nayo, nikagundua jambo ambalo sikulitarajia: karibu kila kitu ambacho watu wananitumia, naweza kukijibu bila kukifungua. Ukungu mwekundu ni waridi, unaandika Amina. Ukungu mweupe na mweusi ni bango la mazishi, unaandika Pole sana. Nikawa fundi. Ningeweza kuajiriwa na wale wa kutabiri mvua.

Mama yangu anaishi Timboroa, kule juu ambako nguo zinaanikwa siku tatu na zinarudi ndani zikiwa bado zina huzuni. Ana waru, yaani viazi, ana kabeji, ana kondoo na ng'ombe mmoja mwenye kiburi. Ana sukari pia, ule ugonjwa, ambao yeye huuita "ile kitu ya kliniki." Mimi huniita Baba. Kwetu mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la baba wa mama yake, na mimi ndiye wa pili. Wa kwanza tulimzika akiwa mdogo. Kwa hivyo tangu nizaliwe mama yangu amekuwa akiniomba ruhusa, nusu mzaha nusu kweli. Baba, niuze huyu kondoo? Baba, nipande wapi kabeji?

Simu yake ni yangu ya zamani. Haoni herufi ndogo na hataki miwani, kwa hivyo anajua mambo matatu tu: kupiga simu, kupiga picha, na kubonyeza mshale wa kutuma. Alinitumia kila kitu. Kabeji, ndama, ua lililoanguka, moshi wa jirani. Mimi nilimjibu kwa ile picha ya kidole gumba kilichosimama, kwa sababu ukimwandikia maneno unamsumbua. Ukungu wa kijani ulikuwa kabeji. Kahawia na nyeupe, ndama. Kahawia yenye wekundu wekundu ilikuwa waru zimetoka shambani sasa hivi, na udongo wake.

Hivyo ndivyo mama alivyopoteza mguu wa kulia. Nakwambia mapema, usije ukacheka sana halafu ukanilaumu.

Mambo yalivyokwenda nilikuja kuyaunganisha baadaye. Ilikuwa wakati wa kuchimba waru. Jiwe dogo liliingia ndani ya gambuti yake ya mpira, na kwa sababu sukari ilikuwa imeshaua nyayo, alikanyaga jiwe hilo kutoka asubuhi mpaka jioni bila kuhisi chochote. Alipovua, soksi ilikuwa imeshika nyama. Akampigia dada yangu, na dada akampa shauri zuri tu. Karibu na ploti yetu hapa Huruma, kwenye kona, kuna duka la dawa, na mzee anayeliendesha anajulikana kwa vidonda. Watu hutoka mbali kumwonyesha. Dada akamwambia: "Mama, piga picha ya hiyo mguu, mtumie ndugu yangu. Yeye ataonyesha daktari wa kona, halafu atakuambia." Kisha akaniwekea maelezo kwenye grupu la familia, kwa sauti. Ujumbe wa sauti wa dada yangu huwa mrefu kama mahubiri. Kwanza ni salamu, halafu mahindi, halafu shemeji yangu na makosa yake, na jambo lenyewe liko mwisho kabisa. Ulikuwa na kimshale. Sikuubonyeza.

Picha zikaanza kuja. Kahawia yenye wekundu wekundu. Nikatuma kidole gumba.

Baada ya siku tatu ikaja nyingine. Nikajisemea, mwaka huu waru zimekubali. Kidole gumba.

Aliwahi kunipigia, nikiwa kwenye mashine, simu nimeibana kati ya sikio na bega.

"Baba, umeona zile nimetuma?"

"Nimeona, Mama."

"Zote?"

"Zote kabisa."

"Na unaonaje?"

"Ziko sawa. Endelea tu vile unafanya."

Nilisikia kondoo. "Sawa Baba. Wewe ndiye unajua."

Nikarudi kwenye mkono wa sweta. Vile alikuwa anafanya, nilikuja kujua, ni maji ya chumvi na kipande cha leso kuukuu.

Siku ya Alhamisi mwalimu wa shule moja mpya akanitumia picha ya sweta anayotaka, mistari mitatu kwenye shingo. Hiyo ilikuwa kazi, ikabidi nibonyeze kimshale. Simu ikakataa, hakuna nafasi hata ya mistari mitatu. Nikakaa kitandani nikaanza kufuta. Nilifuta waridi mpaka kidole kikauma. Nilifuta kwaya. Nilifuta majeneza. Simu ikapata nafasi, na mimi nikapata ule wema unaomjia mtu aliyemaliza kufagia nyumba. Nikaona niwe mtoto mzuri, nifungue na za mama, nione hizo waru nilizozisifu wiki tatu.

Nikafungua ya mwisho. Waru ilikuwa na kucha.

Sitaielezea yote. Kulikuwa na kucha, na kulikuwa na rangi ambayo haifai kuwa karibu na kucha. Nikafungua iliyotangulia, na iliyotangulia hiyo, nikirudi nyuma, na mguu ukawa unapona mbele ya macho yangu, picha baada ya picha, mpaka nikafika ya kwanza, ambako kulikuwa na shimo dogo tu, dogo kama punje ya hindi. Zilikuwa saba. Chini ya kila moja kulikuwa na kidole gumba changu, cha manjano, kinene, kimesimama.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu. Dada, niliyempigia palepale, alikuwa amefika na mama kwa pikapu ya jirani, mguu umefungwa shuka. Daktari akauliza kidonda kilianza lini, na mama, ambaye hapendi kusumbua watu kwa maelezo, akatoa simu yake kwenye kifua.

"Kila kitu iko hapo, daktari. Nilikuwa naweka."

Daktari akapitisha kidole polepole kwenye kioo. Niliona akisimama kila mahali ambapo kidole gumba changu kilisimama.

"Huyu anayejibu ni nani?"

"Ni Baba," mama akasema.

"Mama, wewe baba yako bado yuko hai?"

"Ni huyu hapa."

Daktari akaniangalia. Hakuniangalia usoni, aliangalia mikono, na mimi nikaitia mfukoni kama mwizi. Alimrudishia mama simu kwa mikono miwili, kwa heshima, akaandika. Jumamosi walikata chini ya goti.

Alipotoka wodini nilimleta kwangu, kwa sababu Timboroa ni mbali na kliniki ya kubadilisha bandeji. Akalala kitandani, mimi nikalala sakafuni chini ya mashine, na nyuzi zikinidondokea usoni. Wiki hizo zingekuwa tamu, ukizitazama kwa mlango. Tulikunywa chai. Alinicheka jinsi ninavyokata kitunguu. Alitaka kujua kila anayepita dirishani ni nani na anaenda wapi, na mimi nikamweleza, na akasema sasa ameelewa kwa nini sitoki. Lakini hakuuliza kuhusu picha, na mimi sikusema. Kila asubuhi nilikuwa nikijiambia nitasema baada ya chai.

Halafu akina mama wa kanisa wakaja kumwona. Walikuwa wanne, wamebeba unga, sukari ambayo hawezi kutumia, na soksi mbili. Hakuna aliyefikiria, mpaka zikatolewa kwenye mfuko. Mama mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza. "Basi moja nitampa Baba," alisema.

Wakaketi kitandani na kwenye ndoo zilizopinduliwa. Mmoja akauliza ilikuwaje mpaka ikafika hapo.

"Mimi nilituma picha kila mara," mama akasema. "Baba alikuwa anaonyesha daktari wa hapo kona. Daktari alikuwa anasema iko sawa."

"Wa hapo kona? Huyu wa duka la dawa?"

"Ee. Alisema niendelee tu hivyo."

"Na bado amefungua duka!" Yule mkubwa wao, mwenye sauti ya kuongoza maombi, akaanza kufunga leso kiunoni. "Mama, huyo hatumwachi. Hiyo mguu si ya kuku. Twende tumuulize mbele ya wateja wake."

"Twende," wengine wakasema, wakiinuka.

Yule mzee wa kona humsalimu kila mtu anayepita, hata mimi, ambaye hupita mara moja kwa wiki. Niliona leso inafungwa, nikaona mkono umeshika mlango. Na nitasema ukweli: kwa muda wa pumzi mbili hivi, niliwaza kuwaacha waende.

"Hakuona," nikasema.

"Nani?"

"Daktari. Hakuonyeshwa."

Mama akageuza kichwa kwenye mto. "Kwa nini hukumwonyesha?"

"Kwa sababu hata mimi sikuwa nimeona."

"Lakini uliniambia umeona. Nilikuuliza, ukasema zote."

"Simu ilikuwa imejaa, Mama."

Nimesema mambo mengi ya kijinga maishani, mengine mbele ya watu, lakini hilo ndilo nililolisikia likitoka mdomoni likaenda likazunguka chumba kizima likitafuta mahali pa kukaa.

"Imejaa nini?" akauliza yule wa leso.

Yeye ndiye waridi jekundu. Kila siku, kwa miaka. Ningeweza kusema sweta.

"Maua," nikasema.

Akaketi kwenye ndoo. Haikuwa kosa lake na nilijua si kosa lake, lakini nilisema, na hilo pia liko kwangu. Tangu siku hiyo hajanitumia ua lolote, na nikikutana naye ananisalimu kwa mbali.

Walipoondoka, mama akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu. Nionyeshe vile inakaa kabla hujafungua."

Nikatafuta picha moja ambayo sikuwa nimeigusa, kutoka grupu fulani la mazishi. Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Hii ni nini?"

"Sijui, Mama."

"Si ulikuwa unajua?"

Akaweka simu juu ya blanketi, pale ambapo blanketi linakuwa bapa kabla ya wakati wake.

"Mimi nilikuwa nafurahia hiyo kidole," akasema. "Ilikuwa ikikuja, naacha kuangalia mguu. Nasema, Baba ameona."

Hakulia. Alitaka chai. Nilimpikia, na akasema haina majani.

Sasa amerudi Timboroa, ana magongo mawili na mguu mmoja, na huo mmoja ndio tunaoulinda. Daktari alituambia wazi kwamba mguu wa pili hufuata wa kwanza kama hauangaliwi. Dada yangu akasema atakuwa akienda. Mama akasema hapana, Baba ataangalia kwa simu, kama kawaida. Aliposema "kama kawaida" dada yangu aliangalia dari.

Kila Jumapili akitoka kanisani ananitumia picha mbili, juu ya mguu na chini ya unyayo. Huo unyayo anaupigia picha kwa kuweka simu sakafuni, kioo kikiwa chini na kidole kwenye kitufe cha pembeni, na kuushusha mguu juu yake kama mtu anayejaribu maji. Hasubiri kidole gumba. Anapiga simu.

"Umefungua?"

"Nimefungua."

"Sema unaona nini."

Na mimi nasema, kama mtoto wa nasari. Vidole vitano. Kucha zimekatwa. Kisigino kimepasuka kidogo, upande wa ndani. Mara ya kwanza niliona doa jeusi kati ya kidole cha mwisho na mwenzake.

"Mama, kuna kitu nyeusi hapo kati ya vidole."

"Ni makaa," akasema. "Nimeweka mwenyewe. Nilikuwa naangalia kama unaangalia."

Ikawa ndiyo desturi. Kila Jumapili anaweka doa moja la makaa mahali papya, na mimi nalitafuta. Dada yangu anaita mtihani, na anauliza kama nimepita au nitarudia darasa. Nimepita yote. Nimetoka kwenye magrupu, hata ya mazishi, na watu wanasema nimeanza kuringa. Simu ina nafasi siku hizi. Ndani mna sweta chache, na miguu ya mama. Zile saba za kwanza sijazifuta. Fundi aliniambia hazichukui nafasi kubwa. Fundi hajui.

Jumapili iliyopita picha zilikuja nikiwa nimeacha sweta kwenye mashine, safu iko nusu. Nikafungua. Nikavuta kwa vidole viwili, ikakua. Doa lilikuwa kwenye kisigino, rahisi sana, nikafikiri mama amechoka na mchezo. Halafu nikaona lingine, chini ya kidole gumba.

Simu ikalia.

"Umefungua?"

"Nimefungua. Mama, leo umeweka mbili."

Nilisikia moto ukilia jikoni kwake. Nilisikia gongo likiegemezwa ukutani.

"Nimeweka moja, Baba," akasema. "Ya kisigino."

Nilimwambia asikanyage chini. Nilimwambia asiweke chumvi, asifunge leso, asivae gambuti, akae na mguu juu ya kiti mpaka nifike. Akauliza, "Wewe? Ufike?" na hakukuwa na mzaha ndani yake. Nikasema mimi. Nikavaa viatu, nikafunga mlango. Jirani mmoja alikuwa akianika nguo uani, akaacha shati mkononi.

"Soja! Kwani leo ni wewe unatoka?"

Sikusimama. Nilianzia kona. Mzee wa duka la dawa alikuwa akimhudumia mtoto aliyetumwa dawa ya kikohozi, na mimi nikapitisha simu juu ya kichwa cha mtoto, picha ikiwa wazi, nimeikuza hadi mwisho. Aliichukua. Akavua miwani, akaifuta kwa koti lake, akaivaa, akaangalia tena.

"Hii ni ya lini?"

"Ya leo."

"Hakika?"

"Ya sasa hivi, Mzee. Nimeona mwenyewe."

Akanirudishia simu. "Basi nenda umlete," akasema, "na usimwambie ni sawa."